Makala Hiyo Maktaba Imeshailipia

Wiki hii mwanafunzi wa uzamili alifika dawatini kwangu, maktabani chuoni, akiwa na risiti kwenye simu. Alikuwa amenunua makala moja ya jarida kwa fedha zake za matumizi, na alichotaka kwangu ni kuitoa kwenye karatasi tu. Nikaandika kichwa cha makala ile kwenye katalogi yetu. Ikafunguka yote, kurasa 14, bila senti. Tulitazamana, sote tukakosa la kusema. Si wa kwanza, na ndiyo maana naandika dhana hizi potofu kuhusu maktaba, kila moja na jibu lake.

Dhana: Siku hizi kila kitu kipo Google, maktaba ni ya kukaa na kujisomea.

Google itakuonyesha kwamba makala ipo. Ruhusa ya kuisoma ni jambo jingine kabisa. Majarida mengi ya kitaaluma yamefungwa: unapewa ikisiri, yaani muhtasari, halafu unadaiwa malipo. Chuo kimeshayalipa malipo hayo kwa ajili yako, kwa usajili wa hifadhidata kama JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye matoleo ya majarida yaliyochapishwa karne kadhaa zilizopita.

Sasa, kwa nini unadaiwa tena? Kwa sababu mtandao wa mchapishaji hukutambua kwa anwani ya intaneti ya chuo. Ukiwa ndani ya chuo, mlango uko wazi. Ukiwa nyumbani na bando lako, wewe kwao ni mpita njia, na mpita njia hulipa. Dawa yake ni kuanzia kwenye tovuti ya maktaba, ukaingia kwa akaunti yako ya chuo, kisha ukatafuta. Makala ni ileile na kompyuta ni ileile. Umebadilisha mlango tu.

Kuna jambo jingine ambalo nawahimiza wote wanaopita kwangu walifanye siku hiyohiyo. Fungua mipangilio ya Google Scholar, huduma ya Google ya kutafutia maandiko ya kitaaluma, nenda sehemu ya viungo vya maktaba, uchague chuo chako, ikiwa maktaba yako imejiunga na huduma hiyo. Kuanzia hapo, pembeni ya makala tunazozilipia kutatokea kiungo cha kukuleta kwetu. Ni kazi ya dakika mbili.

Na kama chuo hakijalipia? Bado usitoe fedha. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala yake kwenye hazina ya kidijitali ya chuo chake, au atakutumia ukimwandikia kwa adabu. Ikishindikana, njoo tuiombe kutoka maktaba nyingine. Huduma ya kuazimana kati ya maktaba ni ya miaka mingi, na kwa makala, nakala huja kwa barua pepe. Tafadhali, tuulize kabla ya kulipa, si baada.

Dhana: Kazi ya mkutubi ni kupanga vitabu na kunyamazisha watu.

Njoo na mada yako kabla hujaandika pendekezo la utafiti. Wengi hubandika kichwa kizima cha tasnifu kwenye kisanduku cha kutafutia, wanapata sifuri, wanamwambia msimamizi "hakuna maandiko." Tukikaa pamoja tukakigawa kichwa kile katika dhana mbili tatu, tukaongeza na visawe vyake, maandiko hujaa skrini.

Dhana: Programu za marejeo ni za kununua, na hazikosei.

Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo ya kazi yako, ni bure. Kukosea inakosea, kwa kuwa hubeba taarifa jinsi ilivyozikuta. Kagua majina na miaka kabla ya kukabidhi kazi.

Dhana: Kitabu hakipo rafuni, basi maktaba haina.

Anza na katalogi. Huenda kimeazimwa, nawe unaweza kukiwekea nafasi. Huenda kiko sehemu ya vitabu vya kusomea humohumo ndani. Au umetazama mahali sipo: katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, 332.15 hutangulia 332.4, kwa kuwa zile ni desimali. Wasomaji huona 15 ni kubwa kuliko 4, wanakwenda mbele zaidi, wanakikosa. Kibaya zaidi, wengine hurudisha vitabu kwa hesabu hiyohiyo, na kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake kinaweza kupotea miezi hadi tutakapohakiki rafu zote. Ukimaliza kusoma, kiache mezani. Tutakirudisha wenyewe.