Kabla Hujaulaumu Mlango

Swali ninaloletewa mara nyingi na watu wanaofufua magari ya zamani si la injini wala gia. Ni hili: "Fundi, mlango haukai, nilegeze bolti zipi?" Jibu langu huwaudhi wengi: usilegeze hata moja. Funga mlango, chukua jeki, inua gari taratibu kwenye pembe moja ya nyuma hadi gurudumu liachane na ardhi, halafu rudi utazame mwanya ulio kati ya mlango na nguzo ya nyuma yake. Fungua, funga tena. Kama mwanya umebadilika, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, tatizo lako haliko mlangoni. Bodi inajikunja, na mlango ndio uliokuja kukusemea.

Mlango ambao haujagongwa wala kuoza hauna sababu ya kubadilika umbo. Tundu unaloingia ndilo linalobadilika. Kwenye magari yasiyo na chesi, yaani fremu nzito ya chuma inayobeba bodi kwa chini, kizingiti, yaani lile boksi la chuma linalopita chini ya milango, kimebeba sehemu kubwa ya mzigo. Gari la wazi kama MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, linakitegemea zaidi, maana halina paa la kusaidia. Kikiliwa na kutu, gari linabonyea katikati, nguzo ya mbele na ya nyuma zinainamiana, na mwanya unabana juu huku chini ukiachia. Mwenye gari anaona mlango "umeshuka". Anaenda kwenye bawaba, anaupandisha, wiki mbili baadaye umeshuka tena.

Mimi nilijifunza kwa upande wa pili. Miaka yangu ya mwanzo nilibadilisha vizingiti vya gari moja dogo nikiwa nimelisimamisha juu ya stendi katikati ya bodi, kwa sababu hapo ndipo palinipa nafasi ya kuchomelea nimekaa vizuri. Milango nilikuwa nimeivua ili isinisumbue. Injini bado ilikuwa ndani. Ncha za gari zikaning'inia kidogo sana, jicho halikuona, nami nikachomelea, nikapaka praimer, ile rangi ya kwanza ya kushika chuma, nikausifia mshono wangu. Siku ya kurudisha milango, mlango wa dereva ulikaa juu kwa nyuma, na mwanya wa nyuma ulikuwa umefunguka kama herufi V. Siku mbili nilihangaika na bawaba. Nikishusha nyuma, mstari wa ubavuni unalingana, lakini mwanya wa mbele unafunguka juu. Nikirekebisha mbele, nyuma kunapanda. Kosa nilikuwa nalihamisha tu, kutoka chumba hiki kwenda kile. Mwishowe nilikata mshono uleule nilioupenda.

Tangu hapo, nikikata kizingiti milango inakaa garini, au nazichomelea nguzo pau za chuma za kuzishikilia kabla sijagusa kitu. Na gari nalisimamisha pale ambapo uzito wake hukaa siku zote, karibu na magurudumu. Kwa magari yenye chesi ya kujitegemea kuna hatua moja zaidi: bodi imekaa juu ya raba, na raba zikisagika bodi inalala vibaya. Badilisha raba kwanza. Washa, yaani kile kisahani cha chuma chenye tundu katikati, ikiwa ya milimita 2 tu chini ya nguzo ya mbele inaweza kuusogeza mlango zaidi kuliko bolti zote za bawaba, na ndiyo sababu ukikuta washa zimepangwa pale usizitupe kabla hujaandika zilikuwa ngapi na wapi.

Bodi ikishatulia, ndipo nashika bawaba. Fungua mlango nusu, shika ncha yake ya nyuma kwa mikono miwili, inua. Usitazame mkono wako, tazama bawaba. Kama pini inacheza ndani ya tundu lake kabla nguzo haijashtuka, pini na bushi, ule mkebe mdogo ambao pini huzungukia ndani yake, zimekwisha. Hesabu yake ni rahisi na inatisha: bawaba mbili zikiwa zimeachana kwa milimita 350, na mlango una urefu wa mita moja, milimita moja ya kulegea kwenye bawaba ya juu inakuwa karibu milimita 3 kule kwenye kitasa. Hakuna marekebisho yanayoweza kukaa juu ya pini iliyolika. Bushi mpya za shaba ni kazi ya asubuhi moja, ukiacha magari kama Volkswagen Beetle ambako bawaba zimefungwa kwa skrubu kubwa zilizolala na kutu miaka mingi. Hizo zinataka mafuta ya kulainisha usiku kucha, moto kidogo, na bisibisi ile ya kugongwa kwa nyundo. Ukilazimisha kwa bisibisi ya kawaida utaharibu kichwa cha skrubu, na jioni yako itaishia kwenye drili.

Sasa vua kitasa. Vua pia kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa hukiuma, na raba zote za mlangoni. Watu wanasahau hatua hii kuliko zote. Kitasa kikiwepo kitauvuta mlango mahali kinapotaka chenyewe, nawe utadhani umeshapata, kumbe mlango unaning'inia kwenye kitasa badala ya kwenye bawaba zake.

Naanzia nyuma. Ubavu wa nyuma umechomelewa, hausogei, kwa hiyo wenyewe ndio rula. Gari la milango minne, mlango wa nyuma unafuata ubavu, wa mbele unafuata wa nyuma, madigadi linafuata mlango, boneti mwisho. Ukianzia boneti ukaja nyuma, makosa yote utayarundika kwenye mlango wa nyuma, ambako hakuna pa kuyapeleka.

Bolti nazikaza kiasi kwamba mlango haushuki kwa uzito wake lakini ukiupiga kwa kiganja unasogea. Chini naweka jeki yenye ubao na kitambaa. Halafu nalegeza bawaba moja tu. Bawaba ya juu ikisogezwa mbele, nyuma ya mlango inapanda. Ikirudishwa nyuma, inashuka. Ya chini ni kinyume chake. Bawaba zote mbili zikienda pamoja, mlango mzima unakwenda. Anayelegeza bolti zote kwa mpigo anaanza upya kila mara, na nimewaona watu wazima wakilia kwa ajili ya hilo. (Sawa, mmoja. Na ilikuwa saa nne usiku.)

Kuusogeza mlango ndani au nje ya usawa wa ubavu kuna ujanja wake. Mlango ni ubao, na ubao unakaa kwa pointi tatu: bawaba mbili na kitasa. Ukiitoa nje bawaba ya juu, pembe inayoingia ndani ni ya chini, kule nyuma. Kwa hiyo pembe ya chini ya nyuma ikiwa imechomoza nje, usihangaike nayo palepale, nenda kinyume chake, juu mbele. Ikishindikana, mlango wenyewe umepinda, na hapo dawa ni ya zamani: kipande cha mbao laini kati ya mlango na nguzo upande uliokwisha kukaa, kisha unasukuma kwa goti upande uliochomoza. Sukuma kidogo, toa mbao, funga, tazama. Inaonekana kama ushenzi, lakini ni njia salama kuliko kukata. Onyo langu ni moja: usiweke mbao karibu na bawaba yenyewe, utapasua bati la nguzo.

Mwanya uwe kiasi gani? Kwa magari mengi ya zamani milimita 4 hadi 5 unaonekana sawa, na kilicho muhimu kuliko namba ni ulingane kutoka juu hadi chini. Mimi napima kwa shina la biti ya drili, si upande wenye meno. Ya 4 ipite bila kukwaruza, ya 5 ikatae. Kumbuka bado uko kwenye chuma kitupu. Praimer na rangi vitakaa kwenye kingo mbili zinazotazamana na kuula mwanya. Na ukingo wa mbele wa mlango uwe sawa na madigadi au ndani yake kwa unywele. Ukichomoza, upepo utaukamata na utapiga mluzi barabarani.

Pale ambapo mwanya ni mpana mno na bawaba hazina tena la kutoa, naongeza chuma. Nachomelea ukingo nukta kwa nukta, naacha upoe, nasawazisha kwa tupa. Pale unapobana, naogopa zaidi, kwa sababu ukingo wa mlango ni pindo: bati la nje limekunjwa likakumbatia fremu, kama pindo la suruali. Ukilisaga sana unakata mkunjo, na bati linaachia. Puti, ule udongo wa kuziba mabonde kabla ya rangi, ukingoni siikubali hata kwa kuombwa. Mlango unapigwa kila siku, na puti ya ukingoni itapasuka.

Kisha rudisha kila kitu kabla ya rangi: kioo, mashine ya kioo, kitasa, raba mpya. Uzito wa kioo unaushusha mlango, ndiyo maana ukiwa mtupu nauacha juu kidogo kwa nyuma, milimita moja au mbili kulingana na gari. Raba nazo ni balaa lake. Nyingi zinazotengenezwa leo kwa magari ya zamani ni ngumu kuliko za asili, zinausukuma mlango nje, na mtu anarudi kwenye bawaba kurekebisha kitu kilichokuwa sawa. Nafunga mlango juu ya raba mpya nauacha siku kadhaa, raba ilale, ndipo nahukumu.

Kitasa ni cha mwisho. Paka grisi kidogo kwenye ulimi wake, funga mlango taratibu, fungua, utaona alama ilipogusa. Chuma cha nguzoni kisogezwe hadi kitasa kiingie katikati yake bila mlango kupanda wala kushuka. Weka jicho usawa wa mstari wa ubavuni wakati mtu mwingine anafunga: mlango ukiruka juu hata kidogo dakika ya mwisho, chuma kiko juu. Halafu karatasi. Ibane kati ya raba na nguzo, funga, vuta. Ikitoka kama haijashikwa, maji nayo yataingia hapo.

Yote yakikaa, kabla sijavua mlango kupeleka kwenye rangi, natoboa matundu mawili ya milimita 3 kupitia kila bawaba hadi kwenye nguzo, na mengine mawili kwenye mlango. Mikwaruzo ya kuchora pembeni mwa bawaba hufunikwa na rangi. Tundu halifunikwi kirahisi. Siku ya kurudisha, mlango umeng'aa, nami sina ujasiri wa kuupiga kwa kiganja, naingiza mashina ya biti kwenye matundu, nakaza bolti, natoa biti, natia nta kutu isije ikaanzia hapo.