Megapaskali 40 si mara mbili ya megapaskali 20

Nguvu ya mshiko wa gundi ya meno, ile inayoshikiza dawa ya kuzibia kwenye jino, ni kani iliyotosha kuibandua, ikagawanywa kwa eneo la mshiko. Nyutoni (kipimo cha kani) ukizigawanya kwa milimita za mraba, jibu ni megapaskali. Wengi huishia hapo, kisha husema: gundi hii ina 40, ile ina 20, basi hii inashika mara mbili. Sivyo, na tofauti iko kwenye namna ya kupima.

Njia iliyozoeleka ni ya kusukuma kwa ubavu. Jino lililong'olewa husuguliwa hadi dentini, yaani tabaka lililo chini ya enameli (ganda gumu la nje), itokeze, hupakwa gundi, juu yake hujengwa kinguzo cha dawa ya kuzibia. Hulazwa kwenye maji ya nyuzi joto 37 kwa saa 24, kisha mashine hukisukuma kinguzo pembeni, polepole, mpaka kibanduke. Kinguzo chenye kipenyo cha milimita 3 kina eneo la karibu milimita 7 za mraba. Kikibanduka kwa nyutoni 140, hizo ni megapaskali 20.

Mwaka 1994 mtafiti Sano na wenzake walichapisha njia ya vipande vidogo: jino lililokwisha kuzibwa hukatwa vipande vyembamba, na kila kipande huvutwa kutoka ncha zake mbili mpaka kikatike. Siku hizi eneo la mshiko huwa kama milimita 1 ya mraba. Kipande kikikatika kwa nyutoni 40, hizo ni megapaskali 40. Tazama sasa: chenye namba kubwa kimekatika kwa mzigo mdogo, na gundi yaweza kuwa ileile! Eneo likiwa dogo, viputo na kasoro nyingine hupungua, na mkazo husambaa vizuri zaidi. Ndiyo maana namba hupanda.

Linaloudhi zaidi ni namba kutajwa bila kusema kilichovunjika ni nini. Mara nyingine ufa hupita ndani ya dentini yenyewe, gundi ikabaki imeshika. Hapo umepima jino, hukupima mshiko. Watafiti makini hukagua kila kipande kwa hadubini na kueleza ufa ulipita wapi.

Kwa hiyo ukitaja namba, itaje na njia yake: kusukuma au kuvuta, enameli au dentini, saa 24 au mwaka mzima majini. Na ulinganishe gundi mbili pale tu zilipopimwa kwa njia moja, katika jaribio moja.