Je, kila aliyepigana Vita vya Kagera ana pensheni?

Huku Mwanza wengi huamini kwamba kila aliyepigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, ana pensheni yake serikalini, na afisa mstaafu akipeleka orodha ya majina, pesa zitatoka. Inaeleweka, maana waliokwenda walikwenda kweli. Ila hawakuwa askari wa kuajiriwa peke yao. Mgambo nao walikuwa wengi. Pensheni kwa kawaida hufuata ajira, muda wa utumishi na namna mtu alivyoondoka kazini. Afisa anayewasemea wenzake anaweza kushawishi sheria ibadilike, lakini kuidhinisha malipo hawezi. (Akidai ada ya fomu, ombeni risiti ya serikali.) Kabla ya kuandikisha jina la marehemu baba, fungua sanduku lake utafute namba ya jeshi, barua ya ajira na hati ya kuachishwa.