Bima haikatwi kitandani

"Nikiugua nitakata bima ya afya." Utaisikia Tandahimba kule Mtwara, utaisikia Kilwa Kivinje kule Lindi, na minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba utaisikia hadi kwenye foleni ya malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Ndugu zangu, imetosha. Leo tupige hesabu.

Chukua kaya 100, kila moja itoe 30,000 kwa mwaka, kile kilichokuwa kiwango cha CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, kwa kaya ya watu sita. Kapu limepata milioni 3. Tuseme kaya 10 zimepata mgonjwa mzito na kila moja imetumia 200,000. Zimetoka milioni 2, na milioni iliyobaki inabeba malaria na kuhara za zile 90. Sasa kaya zenye afya ziseme zitasubiri, zijiunge 20 tu, na zile 10 zenye wagonjwa zimo. Kapu lina 600,000, madai ni milioni 2 yale yale. Mwakani mfuko hauna budi kupandisha mchango hadi 100,000. Kaya 10 ambazo hazikuugua zinajitoa, nani atazilaumu? Wanabaki wagonjwa peke yao, kila mmoja atoe 200,000, sawasawa na kulipa taslimu dirishani. Mfuko umekufa na hakuna aliyeiba hata senti.

Mkulima wa korosho halihitaji somo hili. Salfa hupulizwa machipukizi na maua yanapotoka, ugonjwa wa ubwiri unga haujashika. Maua yakishakauka, salfa ya nini tena? Na jirani asiyepuliza ugonjwa wake unapeperuka hadi shambani kwako.

Kwenye Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ndiko watu wanakonikasirisha zaidi. Ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi walimkatia yule anayeumwa, ndugu zake wazima wakaachwa. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipositisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuwaelekeza watu kwenye shule na vifurushi vya familia, kelele zikawa za "serikali imewatupa watoto". Hapana, hesabu ndiyo iliyogoma. Lakini yule mzazi aliyewakatia watoto wote bila kungoja homa naye alifungiwa mlango, na hilo napata taabu kuliita haki.

Ulazima wa kujiunga uliomo katika Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 umetokana na hesabu hiyo. Mnaosema serikali inalazimisha: ndiyo, inalazimisha. Mtumishi wa umma anakatwa tangu 2001, asilimia 3 ya mshahara wake na 3 ya mwajiri, wala haulizwi kama ana homa. Nawaunga mkono wanaotaka ulazima, ila namna ya kuutekeleza huku kwetu bado hainikai sawa. Mshahara hukatwa kabla haujashikwa. Korosho nazo zingeweza kukatwa, kwa kuwa zinapita stakabadhi ghalani, yaani hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada kabla mkulima hajalipwa. Mvuvi wa Msimbati, pwani ya Mtwara, utamkata wapi? Na korosho zenyewe zina miaka yake: 2018 minada ilikwama hadi serikali ikanunua kwa 3,300 kilo. Mtu huyohuyo Novemba ana uwezo, Machi hana hata ya chumvi. Orodha ya wasio na uwezo wa kulipa ikiandikwa mara moja kwa mwaka, mwezi utakaochaguliwa kuiandika ndio utakaoamua nani ni maskini.

"Kadi ninayo, dawa hakuna." Lalamiko hili ni la kweli, na sitalitetea. Ila chanzo kimojawapo kipo kwenye karatasi. Mgonjwa wa homa anaandikiwa ALu, dawa mseto ya malaria, lakini kwenye fomu ya madai ambayo kituo hupeleka kwenye mfuko ili kirudishiwe fedha, sehemu ya kipimo cha malaria iko tupu, au saini ya mgonjwa haipo, au namba ya kadi imekosewa tarakimu moja. Mkaguzi wa mfuko anakata dai hilo. Dawa imeshatoka kabatini, fedha ya kununulia nyingine haikurudi. Madai ya namna hiyo yakirundikana, kabati linakauka, na anayeulizwa ni nesi wa zamu. Kwa hiyo usikimbilie dirisha la dawa kabla hujasaini, na soma ulichosaini: dawa usiyopewa isiwemo.

Rufaa nayo isikuchanganye. Anzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo hospitali ya mkoa: Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Ukiruka bila barua, jiandae kulipa taslimu, isipokuwa kwa dharura.

Siku ya kuandikishwa nenda na vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watoto, majina yafuatwe herufi kwa herufi. Zainabu na Zainab kwenye mfumo ni watu wawili. Lipa kwa kumbukumbu namba uliyopewa, usimpe mtu fedha mkononi. Uliyelipa Novemba, kadi yako inaisha Novemba nyingine, kwa hiyo weka mchango pembeni malipo ya mnada wa kwanza yakiingia, kabla ya bati na pikipiki.