Kazi ya mapokezi si sura nzuri tu

Imani kwamba kazi ya mapokezi ni ya mwenye sura ya kuvutia na sauti nyororo imewafanya wengi wasiombe kabisa, na wengine waende kwenye usaili wakiwa wameandaa nguo tu. Nguo safi inatosha. Mwajiri makini anatafuta mtu asiyepoteza ujumbe.

Jaribio la kawaida kwenye usaili ni simu ya kuigiza: unapokea na kuandika ujumbe. Karatasini panatakiwa jina la aliyepiga, namba yake, anayemtaka, shida yake kwa ufupi, saa, na jina lako uliyepokea. Wengi huangukia kwenye namba: hawamsomei mpigaji tarakimu moja moja athibitishe, na kwenye laini mbovu “nne” husikika “nane”. Simu ya kurudisha inakwenda kwa mtu mwingine, na mteja anaamini amepuuzwa.

Kuchapa hupimwa pia. Maneno 40 kwa dakika, makosa yakiwa machache, ni kiwango kizuri cha kuanzia.

Hujawahi kuajiriwa? Kutunza daftari la michango ya kikundi ni ukarani kamili. Andika kwenye wasifu: wanachama wangapi, michango ilikusanywa kila baada ya muda gani. “Mchapakazi” peke yake halithibitishi chochote.