Je, Kila Ufukwe wa Jamaica ni Mali ya Umma?

Wengi huamini kwamba fukwe zote za Jamaica ni za wananchi, na kwamba hoteli inayomzuia mtu kuoga baharini inavunja sheria moja kwa moja. Imani hiyo si sahihi, na inaumiza, kwa maana watu hukaa kimya hadi ukuta umeshasimama.

Sheria ya Udhibiti wa Fukwe ya mwaka 1956, iliyotungwa chini ya ukoloni wa Waingereza, miaka 6 kabla ya uhuru, iliweka mikononi mwa dola haki zote za sakafu ya bahari na za ukanda unaofunikwa maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa. Ukanda huo ni mwembamba mno, kwani bahari ya huko haijai wala kupwa sana. Mchanga mkavu ulio juu yake, ambako mvuvi huvuta mtumbwi wake na kuanika nyavu, waweza kuwa kiwanja cha mtu binafsi.

Hata hivyo, sheria nyingine, inayohusu haki zitokanazo na matumizi ya muda mrefu, huupa umma haki ya kutumia ufukwe pamoja na njia ya kuufikia, endapo vimetumika kwa miaka 20 mfululizo bila kizuizi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito wote: ushuhuda wa wazee waliooga na kuvua pale tangu utotoni uandikwe sasa, kabla uzio haujawekwa.