Mwalimu wa Vedanta atakuuliza: wewe ni nani?

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni kusoma na kufundisha falsafa ya Vedanta, swali lao la kwanza huwa: nianze na kitabu gani? Huwajibu kwamba kitabu si kazi kukipata. Kazi ni kumpata mtu wa kukaa naye na kubishana naye. Zifungue Upanishadi zenyewe, maandiko ya kale ya India ambayo ndiyo msingi wa Vedanta, uone. Kurasa nyingi ni maongezi: Shvetaketu na baba yake, Maitreyi na mumewe Yajnavalkya, kijana Nachiketas na Yama, mfalme wa mauti, anayemtajia ng'ombe, tembo, dhahabu na maisha marefu ili tu aachane na swali lake. Kijana anavikataa vyote.

Maongezi hayo si mapambo. Kinachotafutwa katika Vedanta ni nafsi ya huyo huyo anayetafuta, na shida yake si kukosa habari. Jibu analo tayari, tena analitumia kutwa: mimi mnene, mimi mgonjwa, mimi nimeaibika. Kila mmoja amelishika jibu lake potofu mahali pake, na kitabu hakiwezi kumsikia akilitamka. Mwalimu anamsikia.

Hakuna anayelionyesha hili vizuri kama Shankara, mwanafalsafa wa India ambaye wataalamu wengi humweka karne ya 8 hivi. Katika sehemu ya nathari ya kitabu chake Upadeshasahasri, mwanafunzi anakuja akitaka kuvuka bahari ya kuzaliwa na kufa. Mwalimu hamhubirii. Anamuuliza: wewe ni nani? Kijana anajitambulisha kama ambavyo yeyote angefanya: mimi ni mtoto wa Brahmini (tabaka la makuhani), wa ukoo fulani, nimeyaacha ya dunia, nataka kuvuka. Mwalimu anamwambia, bila kupepesa: ukifa, mwili wako utaliwa na ndege au utageuka udongo papa hapa. Ukishakuwa majivu ukingo huu wa mto, ng'ambo utafikaje?

Wanafunzi wangu hucheka wakifika hapo. Lakini tazama alichokifanya. Amelichukua jibu la kijana jinsi lilivyo na kulisukuma mpaka likavunjika lenyewe. Kijana anajitetea haraka: mimi si mwili, mwili huzaliwa na kufa, mimi nimeuingia kama ndege anavyoingia kiotani. Vyema, anasema mwalimu, sasa mbona ulijitambulisha kwa ukoo? Ukoo ni wa mwili. Kwa hatua hizo chache tu, kijana amegundua kwamba anaamini mambo mawili yasiyokaa pamoja, na aliyeyasema yote mawili ni yeye mwenyewe.

Nalisisitiza hili kwa sababu neno guru limechafuliwa. Wengi wakilisikia wanamwona mtu juu ya kiti na wafuasi walioinamisha vichwa. Heshima ipo, tena kubwa: Upanishadi ya Mundaka inamtaka mwanafunzi aende na kuni mkononi, na mwalimu awe amebobea katika maandiko na amesimama imara katika Brahman, yaani uhalisia wa mwisho. Lakini Bhagavad Gita, andiko jingine la msingi la Vedanta, katika sura ya 4, beti ya 34, inataja mambo matatu ya kumwendea mwalimu nayo: unyenyekevu, kuuliza, na utumishi. Kuuliza kumo. Mwalimu anayekasirishwa na maswali, kwa maoni yangu, ameiacha njia hii hata kama mavazi yake ni ya rangi ya zafarani.

Na asiyeuliza huondoka na kidogo. Katika Upanishadi ya Chandogya, Indra kutoka kwa miungu na Virochana kutoka kwa mahasimu wao, asura, walikaa miaka 32 kwa Prajapati, bwana wa viumbe, kisha wakaambiwa wajitazame kwenye chombo cha maji. Wakajiona wamependeza, wakaondoka wameridhika. Virochana akaenda kuwafundisha wenzake kwamba nafsi ni mwili. Indra akasita njiani: mwili ukipofuka, basi na nafsi imepofuka? Akarudi. Alirudi tena na tena, jumla miaka 101. Mimi humwonea Virochana huruma kidogo, maana Prajapati hakumkimbilia kumsahihisha. Shaka ilikuwa lazima itoke kwake.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la usingizi mzito. Mtu husema: mnadai nafsi ni ufahamu usiokatika, mbona nikilala fofofo sioni chochote? Mwanafunzi wa Shankara aliliuliza hilo hilo, kwamba usingizini hajawahi kuona ufahamu wala kitu kingine. Akajibiwa: basi unaona hata usingizini, kwa kuwa unachokanusha ni kitu cha kuonwa, si kuona kwenyewe. Jibu hili halimmalizi mtu papo hapo, wala halikukusudiwa hivyo. Ndiyo maana mapokeo yanaweka kusikiliza kwanza, kisha kulipima kwa hoja, kisha kukaa nalo kwa muda mrefu.

Mlango wa mazungumzo haya haukuwa wazi kwa wote, na sioni sababu ya kulificha hilo. Shankara huyo huyo, katika ufafanuzi wake wa Brahmasutra, andiko jingine la msingi la Vedanta, aliwazuia Washudra, watu wa tabaka la chini, kusoma Veda, maandiko ambayo Upanishadi ni sehemu yake. Karne ya 20 mambo yalibadilika sana. Swami Dayananda Saraswati, mwalimu wa Vedanta aliyefariki mwaka 2015, alifundisha kwa Kiingereza mtu yeyote aliyekuja, kuanzia Coimbatore, India, hadi Pennsylvania, Marekani, ila kazi ilibaki ile ile: andiko la Kisanskriti mkononi, mstari kwa mstari, halafu maswali.

Ukibahatika kukaa mbele ya mwalimu wa namna hiyo, usianze na dunia iliumbwa lini. Mwanafunzi mmoja wa Shankara, katika sura ya pili ya ile nathari ya Upadeshasahasri, aliuliza hivi: haya maumivu ninayoyapata, ni asili yangu, au yamenijia kwa sababu fulani? Kama ni asili yangu hayatoki. Kama yana sababu, nionyeshe.